Binti Yangu Alinizika Ireland

Binti yangu alipanda jukwaani katika mji mmoja mdogo wa pwani ya Ireland, akawaambia watu waliojaa ukumbini kwamba baba yake amekufa. Mimi nilikuwa nimeshapiga ngoma yangu na kushuka, nimekaa mstari wa pili. Nilipiga makofi.

Nilipiga makofi kwa sababu sijui Kiingereza. Niliishia darasa la nne, na Kiingereza nilichotoka nacho ni cha kumsalimia mwalimu. Nilichokiona ni Aline amesimama wima, kitambaa cha kuchezea kimefungwa begani, sauti inatoka bila kutetemeka, nikasema moyoni, huyu ni wangu. Mwanamke wa mbele yangu akatoa leso akajifuta macho. Mama Nora, mwenyeji wetu, aliyekaa kulia kwangu, akanishika mkono akaubana. Nikadhani mtoto amesema jambo zuri kuhusu kwetu, nikapiga makofi kuliko mtu yeyote. Watu wakageuka kunitazama. Hata hapo sikuelewa.

Baada ya ngoma watu walisimama wakinywa chai kwenye vikombe vya karatasi. Mwanamke mmoja mweusi akanijia mbio mbio, amevaa koti kubwa la mvua.

"Papa, batu baliniambia munatoka Kasulu. Ni kweli?"

"Kibondo. Kitahana."

"Yesu wangu! Kibondo!" Akanishika mabega kama ndugu. "Miye niliishi Nyarugusu miaka mingi, mu kambi. Jina langu Claudine. Niliona picha ya ngoma kwenye duka, nikapanda basi kuja kusikiliza. Papa, nimelia leo."

Tulizungumza kidogo kuhusu soko la Kasulu, unga wa muhogo, na bei ya samaki wa migebuka, kama watu wanavyozungumza wakiwa mbali na kwao. Kisha akatazama watoto wetu wanane waliokuwa wanagombania biskuti, akatikisa kichwa.

"Pole sana kwa awa batoto. Bote nane, hakuna hata mumoja mwenye mzazi?"

"Mzazi amefanya nini?"

"Si ule musichana alisema? Baba yake alikufa, mama yake alikufa, bote banalelewa na Monsieur Marselino mu kituo. Miye nilisikia na masikio yangu."

"Yule msichana ni wangu," nikamwambia.

"Wako namna gani?"

"Wangu wa kuzaa."

Claudine alikuwa na biskuti mkononi. Hakuila tena.

Marselino nimemjua tangu tunachunga pamoja. Baba yangu alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, yeye na mama na mkeka. Baba yake Marselino, Mha wa pale pale Kitahana, akamkatia kipande cha kulima, na baadaye akampa mtamba wa ng'ombe. Kwetu ng'ombe wa namna hiyo si zawadi ya kusema asante ukaondoka. Anafunga nyumba mbili. Aliyepewa humwita aliyempa kwenye kila shughuli, huwa wa kwanza kufika kwenye msiba wake, humtetea mbele za watu. Na hamuulizi maswali ya kumpima. Kumwambia mtu wa ng'ombe wako "hebu nione hizo karatasi" ni kumwambia yeye ni mwizi na baba yake alikuwa mwizi. Hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Marselino alisoma. Alikuwa mkalimani wa Wazungu makambini, baadaye akafungua shirika lake dogo la watoto. Mimi nililima, na nikachonga ngoma. Ngoma za Kirundi zile kubwa, za mti tunaouita umuvugangoma, baba ndiye aliyenifundisha. Watoto wa kijiji wakawa wanakuja uani kwangu jioni kujifunza, wavulana wakipiga, Aline akicheza mbele na kutoa maneno. Si wote Warundi. Saidi, mtoto wa Khatibu mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kibondo mjini, alikuwa analetwa na pikipiki, na mkono wake ulikuwa mzito kuliko wa wote.

Siku Marselino alipokuja kusema kuna mji Ireland unatualika kwenye sikukuu yao ya bahari, tuwapeleke watoto wakapige, nilifurahi kama mtoto. Akaleta karatasi za Kiingereza. Nikaweka sahihi pale alipoweka kidole. Sikuuliza zimeandikwa nini. Sikuuliza amewaambia nini wenyeji. Ningeulizaje?

Mji wenyewe ni mdogo, Kibondo mjini ni mkubwa kuupita. Jina lake linaandikwa kwa herufi nyingi kuliko zinazosomwa, na mpaka leo siwezi kulitamka. Nyumba zimepakwa rangi kama peremende, moja ya njano, nyingine ya buluu, zimepangana zinatazama maji. Sisi ni watu wa milimani. Watoto hawakuwa wameona bahari, na asubuhi ya kwanza walipoamka hawakuiona pia, maana maji yalikuwa yameondoka. Mitumbwi imelala ubavu kwenye tope.

"Wameyafungulia," Saidi akasema. "Kama bwawa la samaki."

"Nani ayafungulie, mjinga wewe?"

"Basi yako wapi?"

Mchana yakarudi, wakapiga kelele mpaka Wazungu wakatoka madukani kuwatazama wao badala ya maji. Mama Nora aliwanunulia chipsi zenye siki, na ndege mmoja mweupe, mkubwa kama kuku wa kienyeji, akashuka akachukua za Saidi mkononi, yeye akabaki ameshika karatasi. Alimfukuza mpaka mwisho wa gati akimtukana kwa Kiha. Tulicheka, na Mama Nora naye akacheka bila kujua tusi. Mama huyo ni mjane, mnene, mwenye mashavu mekundu, na sina neno baya la kumsema. Alituwekea makoti ya mvua ya wajukuu wake. Kila asubuhi alikuwa ananiachia mahali karibu na jiko lake la kuni nikaushe ngozi za ngoma, maana unyevu wa kule unalegeza ngozi mpaka ngoma inalia kama ndoo.

Jambo moja lilitokea ambalo ningekuwa na akili lingeniamsha. Kifungua kinywa cha kwanza Mama Nora aliwapa watoto wote soseji za nguruwe. Saidi akasukuma sahani. Marselino akamnong'oneza kwa hasira, "Kula, au sema tumbo linauma."

"Kwa nini asiseme tu yeye ni Mwislamu?" nikamuuliza.

"Ndugu yangu, mambo mengine niachie mimi."

Nikamwachia. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kwenye kituo chake alichokitunga wote walikuwa watoto wa kanisa moja.

Sasa usiku ule wa ukumbini, usiku wa jina tu maana jua la kule wakati wa kiangazi halitaki kuzama, nilimchukua Aline nikamkalisha kwenye ukuta wa bahari. Maji yalikuwa yameondoka tena.

"Ulisema nini kule juu?"

"Nilitoa shukrani, Baba."

"Shukrani gani ya kuliza watu?"

Akainamia vidole vyake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na akiinama hivyo anafanana na mama yake.

"Mimi nimekufa kwa ugonjwa gani?"

"Baba, usiseme hivyo."

"Nauliza. Nijue kama niliteseka."

"Si ugonjwa. Ni vita."

"Vita? Kitahana kuna vita?"

"Mjomba Marselino alisema vita vinaeleweka haraka."

Nilitaka kucheka, kicheko hakikutoka. "Na mama yako?"

"Naye."

"Yeye anajua kwamba amekufa?"

Aline akakuna rangi ya ukuta kwa kucha. "Anajua. Ndiye aliyekuwa ananisikiliza nikikariri. Jikoni. Ukiingia tulikuwa tunaimba."

Niliwakumbuka wakiimba. Nilikuwa naingia nikitoka shamba, nawakuta wanaimba wimbo ule ule wa kanisani, nami nakaa kusubiri chakula nikiwasifu.

"Mama alisema tutakuambia tukirudi," akaendelea. "Alisema utanuna siku mbili tatu, halafu itapita. Baba, watatusomesha wote. Shule ya bweni, mpaka kidato cha sita. Wote nane."

"Mimi siwezi kukusomesha?"

"Unaweza. Shule ya kata."

Alisema bila dharau. Aliitaja kama mtu anayetaja umbali. Ni kilomita nyingi, na mwalimu wa hesabu hakuna, na nilijua.

"Sikiliza," nikamwambia. "Jumapili mtapiga tena, na watu watakuwa wengi. Nataka useme baba yako yupo. Si lazima useme zaidi. Sema yupo, amekaa pale, ndiye aliyechonga ngoma. Shule tutatafuta."

Akauliza kama anaweza kwenda kulala.

Marselino nilimkuta kwenye gati anaongea na simu. Alipouona uso wangu akakata.

"Claudine amekuambia."

"Kwa hiyo unamjua."

"Nilimwona anakukimbilia, nikasema, basi." Akaweka simu mfukoni. Hakuonekana mwenye hofu. Alionekana mwenye kuchoka. "Kaa tuongee, ndugu yangu."

"Sikai. Khatibu naye umemuua?"

"Kwenye karatasi."

"Khatibu mwenye tumbo lile! Amekufa vitani, au alizuia risasi na vita vikaisha?"

Akacheka, shetani yule, na mimi karibu nicheke. Tumecheka pamoja maisha yetu yote, mdomo ulikuwa umezoea. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nikiwa shambani peke yangu linanirudia.

"Khatibu aliniuliza. Alisimama nyuma ya kaunta yake akaniuliza kila kitu: Wazungu hawa unawaambia nini, mwanangu utamwita nani, akiulizwa aseme nini. Nikamwambia. Akafikiri siku nzima, akakubali. Baba yake Esteri huyu tuliyekuja naye aliuliza, nikamwambia. Mkeo aliuliza, nikamwambia. Wote waliuliza. Wewe hukuuliza."

"Mimi na wewe tuna ng'ombe kati yetu."

"Najua."

"Sikuuliza kwa sababu hiyo."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi nawe."

Hapo nilimshika shati. Sikumpiga. Wazungu wawili waliokuwa wanatembeza mbwa walisimama wakatutazama, nikamwachia.

"Sikiliza," akasema akijinyoosha kola. "Nimefanya kazi na watu hawa miaka mingi. Si wabaya. Lakini mtoto mwenye baba, wanakwambia mpe salamu baba yake. Wakikuta hana, wanatoa. Mimi sikuiumba dunia. Umekufa wiki mbili, mwanao anasoma miaka sita. Ungepewa biashara hiyo waziwazi ungekataa?"

"Ningekataa."

"Ndiyo maana hukupewa."

Jumamosi asubuhi nilikwenda jikoni kwa Mama Nora. Ngoma kubwa ilikuwa kwenye kiti karibu na jiko, inakauka. Nilimwonyesha namba ya Claudine, aliyoniandikia kwenye kikombe cha karatasi, nikafanya ishara ya kupiga simu. Akapiga, akaweka sauti kubwa, akaweka simu mezani kati yetu.

"Claudine," nikasema, "mwambie huyu mama kwamba Aline ni mwanangu. Mama yake anaitwa Immakulata na yuko Kitahana anapalilia maharage. Watoto wote wana wazazi. Mwambie samahani, sikujua."

Claudine akasema kwa Kiingereza. Alisema taratibu. Mama Nora alisikiliza, akanyanyuka akazima birika lililokuwa linaanza kulia, akarudi kukaa. Akauliza kitu.

"Anauliza kama una hakika," Claudine akasema.

"Kama nina hakika kwamba nimezaa?"

"Papa, miye natafsiri tu."

Mama Nora akafungua mlango wa nyuma akamwita Aline, aliyekuwa uani na wenzake wakirushia ndege mkate. Akaja, na Marselino akaja nyuma yake, kofia mkononi, mpole kama katekista. Mama Nora akainama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto. Akanionyesha mimi kwa mkono, akauliza. Hakuna aliyehitaji kunitafsiria.

Aline alinitazama. Sikumkonyeza, sikutikisa kichwa, sikumtisha. Nilitaka aseme mwenyewe. Akamtazama Marselino, akatazama dirishani walikokuwa wenzake saba, kisha akasema neno fupi. Hilo nalijua, hata mtu wa darasa la nne analijua. Alisema hapana.

Halafu akaendelea kusema, sentensi mbili au tatu, sauti ile ile ya jukwaani. Mama Nora akaweka mkono mdomoni.

"Claudine. Amesema nini?"

"Papa..."

"Sema."

"Anasema we ni muzee wa ngoma." Akapumua. "Anasema unamupenda kama mutoto wako. Kwa sababu wako alikufa."

Marselino hakumfundisha hilo. Nilimwona usoni, naye alishtuka. Lile mtoto alilitoa kichwani mwake, kwa Kiingereza chake kidogo cha shule, pale pale jikoni, mbele yangu.

"Karatasi ya kusafiria!" nikasema. "Claudine, mwambie atazame pasi zetu. Serikali haikudanganywa."

Nilifikiri nimeshinda. Marselino akaenda chumbani akarudi na pasi zote kwenye mfuko wa plastiki, akampa Mama Nora bila kubishana, nami nikashangaa mbona hana wasiwasi. Mama Nora akavaa miwani. Akafungua yangu: Leonidasi Ndihokubwayo. Akafungua ya mtoto: Aline Nizigiyimana. Akapitisha kidole kwenye jina moja, akapitisha kwenye jingine, akarudia.

Kwetu, mtoto akizaliwa, baba humtafutia jina lake mwenyewe. Humpa kutokana na jinsi siku zile zilivyokuwa, kama kulikuwa na hofu, au shukrani, au ugomvi na majirani. Jina langu baba alinipa kwa sababu yeye na mama walikuwa hai na hawakutegemea. La Aline nilimpa mimi, kwa sababu mama yake alipoteza mimba mbili kabla yake, na tumaini lilikuwa limebaki kwa Mungu peke yake. Jina la baba halibandikwi kwa mtoto. Mtoto si gunia. Kijijini hakuna anayehitaji jina kujua wa nani ni wa nani. Cheti cha kuzaliwa chenye jina langu kilikuwa kwenye sanduku la Immakulata, chini ya vitenge vyake.

Ukutani mwa jiko lile palikuwa na picha za ukoo wa Mama Nora, na siku ya kwanza alikuwa ametusomea majina: babu, baba, mume, wana, wote wanaishia na jina moja. Alifunga pasi zetu akazirudisha mezani. Alinitazama kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko kutukanwa. Akaniwekea chai, akatia sukari vijiko vitatu, akaikoroga yeye mwenyewe. Tangu saa ile alikuwa ananisemesha polepole, na mara mbili nilimwona anamnong'oneza Marselino akinionyesha kwa macho. Marselino alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko.

Claudine alibaki kwenye simu. "Miye nakuamini, papa," akasema. "Lakini nani ataniamini miye?"

Jumapili nilikataa kupiga. Nilidhani bila mimi hakuna ngoma. Ile ya katikati ndiyo inayoongoza, na mwenye kuipiga siku zote nilikuwa mimi. Marselino hakunibembeleza. Alimwambia Saidi akae katikati.

Niliketi mstari wa mwisho, karibu na mlango. Waliingia na ngoma vichwani, wamezibeba sawasawa, hakuna aliyekosea hatua. Saidi akainua fimbo, akasubiri kama nilivyomfundisha kusubiri, mpaka ukumbi ukaacha kupumua, kisha akashusha. Walipiga vizuri. Walipiga vizuri kuliko Ijumaa. Nisipolisema hilo nitakuwa mwongo, nami nimeshachoka na uongo.

Kisha Aline akasimama mbele. Kabla hajaanza alitafuta kwa macho mstari wa pili, akakuta mtu mwingine, akaendelea kutafuta mpaka akaniona mlangoni. Nilinyanyua mkono kidogo. Nilifikiri, sasa atasema. Akafungua mdomo akasema yale yale, neno kwa neno, na safari hii nilijua lipi ni langu. Watu wakalia. Vikapu vya michango vikapita.

Sikupiga makofi.

Immakulata alitupokea stendi ya Kibondo, amevaa kitenge kipya. Akamkumbatia Aline, akanyoosha mkono kwangu.

"Mmefika salama, baba Aline?"

"Marehemu amefika."

Akashusha mkono. Hakujifanya haelewi, namshukuru kwa hilo. Nyumbani, wadogo zake Aline walipokwenda kuchota maji, aliniandalia chakula akakaa mbele yangu.

"Ungekataa," akasema.

"Ningekataa."

"Basi. Ungekataa, na Aline angeolewa hapo Kakonko na muuza simu akiwa na miaka kumi na saba, kama dada zangu wote. Nilikaa nikachagua. Nikachagua mtoto."

"Ukaniua mimi."

"Wewe upo unakula ugali."

"Ungeniambia tu."

"Wewe ukiambiwa jambo husemi ndiyo na kulifanya, husemi hapana na kukaa kimya. Ungekwenda kulisema barazani." Akasogeza bakuli la maharage upande wangu. "Ulijaribu kusema huko, sivyo?"

"Nilijaribu."

"Si unaona."

Watu wa kule walitimiza ahadi. Hilo nalo ni kweli na nalisema. Watoto wote wanane wako bweni Kasulu, sare mpya, viatu vyeusi. Khatibu hupita na pikipiki yake akinipungia mkono, anasema, "Mzee, sisi marehemu tunaendeleaje?" na watu barabarani hucheka. Kwake ni kichekesho. Aliuliza kabla, akakubali, hana alichoibiwa.

Shule huwa na siku ya wazazi. Wanapiga picha, picha zinatumwa Ireland, kwa hiyo mimi na Immakulata hatuendi. Anakwenda Marselino kama mlezi. Hubeba karanga na sabuni ambazo Immakulata humkabidhi asubuhi mlangoni kwetu, mimi nikiwa ndani. Mara moja nilivaa shati nikafika mpaka stendi. Nikafikiri juu ya watoto wengine saba na karo yao, nikarudi.

Mama yake Marselino alifariki mwezi wa nne. Baba yangu angekuwa hai angekuwa wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi. Mimi nilibaki nyumbani nikatengeneza mlango wa banda, na msafara ulipita barabarani mbele yangu.

Ngoma tatu nimewapa watu wa kanisa. Mbili ziko ndani, na hakuna anayekuja uani jioni. Wazazi wa watoto wadogo husema nina maneno, nitawaharibia.

Aline hurudi likizo. Amekuwa mrefu. Ananiamkia vizuri, anasaidia mama yake, anapata alama za kwanza au za pili darasani. Akiwa ananihitaji huja mpaka karibu, akasimama nilipo, akaanza kusema bila kuniita kwanza. Mbele za watu ananiita mzee.

Basi ndivyo hesabu ilivyo. Nimepoteza rafiki mmoja, niliyekuwa naye tangu utoto, na nyumba yake yote. Nimepoteza kazi ya mikono yangu. Mke ninaye, tunalima pamoja, ila akiimba jikoni mimi hutoka nje. Na nina binti anayesoma shule nzuri, ambaye njia ya kwenda kumwona naijua na siruhusiwi kuipita mpaka amalize kidato cha sita.